Matege, Gegedu na Protini Zinazorefusha Mfupa

"Mbona miguu ya mtoto wangu imepinda?"

Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya watoto huko Mwiki, ile wadi ya Ruiru iliyo jirani na Mwihoko na Githurai, na swali hili hutalikosa. Mama huliuliza kwa sauti ya chini, amemsimamisha mtoto wa mwaka mmoja na nusu mbele ya muuguzi, Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kikiwa mkononi. Kabla ya kufika hapo ameshapewa majibu tele kwenye ploti. Jirani mmoja kamwambia nepi nene ndizo zilizoitanua miguu. Wa pili analaumu kumbeba mtoto mgongoni. Nyanya ya mtoto anashauri miguu inyooshwe na kufungwa kwa leso kila usiku. Wengine wanasema alisimamishwa mapema mno. Na hakosekani wa kunong'ona kwamba hapo pana mkono wa mtu.

Karibu majibu haya yote yanauchukulia mfupa kuwa kitu kilichokwisha kuumbwa, kinachosubiri kupindwa au kunyooshwa na nguvu za nje. Lakini mfupa wa mtoto bado uko katika kuumbwa. Umbo la miguu yake linategemea zaidi kazi inayofanyika ndani ya tabaka jembamba lililo karibu na goti, ambamo seli hupelekeana amri kwa kutumia protini. Mzazi akilifahamu tabaka hilo atajua wakati wa kutulia na wakati wa kumpeleka mtoto hospitali bila kukawia. Hiyo ndiyo kazi ya sura hii.

Mfupa hukua wapi?

Bonyeza ncha ya pua yako, kisha ukunje sikio. Hicho kinachonyumbulika bila kuvunjika ni gegedu. Utalikuta pia kwenye mguu wa kuku: ile sehemu nyeupe, laini, inayong'aa kwenye ncha ya mfupa, ambayo watoto hugombania kuitafuna. Gegedu halina mishipa ya damu ndani yake, na seli zake hukaa mbalimbali, zimezungukwa na utando mzito wa protini na maji ambao zenyewe zimeutengeneza.

Mimba ikiwa na wiki sita hivi, mikono na miguu ya mtoto haina mfupa hata kidogo. Kilichopo ni gegedu lenye umbo la mfupa ujao. Anayeishi Mwiki, ambako ghorofa mpya huota kila mwezi, hahitaji kuelezwa sana: mafundi hupiga fomu za mbao kwanza, ndipo zege imwagwe. Gegedu ndilo fomu ya mfupa. Tofauti ni kwamba fomu hii ni hai, na huendelea kurefushwa upande mmoja huku mfupa ukiifuata na kuchukua nafasi yake upande wa pili, kwa miaka kumi na mitano au zaidi.

Mchungaji mmoja Mwingereza aliyependa majaribio, Stephen Hales, alionyesha jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1727. Alichukua kifaranga kinachokua, akautoboa mfupa wa mguu vishimo viwili vyenye nafasi ya nusu inchi kati yao, akakiacha kiendelee kukua. Baada ya miezi miwili mfupa ulikuwa umerefuka kwa kiasi kikubwa, lakini nafasi kati ya vile vishimo ilikuwa ileile. Basi mfupa haukurefuka katikati. Ulirefuka kwenye ncha.

Pale kwenye ncha, kabla tu ya kufika kwenye kiungo, pana tabaka la gegedu lenye unene wa milimita chache. Madaktari huliita bamba la ukuaji. Kwenye picha ya eksirei ya mtoto huonekana kama mstari mweusi, kwa sababu gegedu halina kalisiamu ya kutosha kuzuia miale. Kila mfupa mrefu una mabamba yake, lakini hayafanyi kazi sawa. Bamba lililo chini ya mfupa wa paja, juu tu ya goti, huongeza karibu sentimita moja kwa mwaka katika miaka ya kati ya utoto. Lile lililo juu ya muundi, chini tu ya goti, huongeza milimita sita hivi. Hayo mawili ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya urefu wa mguu mzima, na ndiyo sababu hitilafu ya ukuaji hujitokeza kwanza magotini.

Balehe ikifika, mabamba huanza kufunga. Homoni ya estrojeni ndiyo inayoyafunga, kwa wasichana na wavulana pia. Mwaka 1994 madaktari walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili, mabamba yake yalikuwa bado wazi, na alikuwa bado anarefuka.

Wapenzi wa kandanda wamelisikia jambo hili kwa njia nyingine. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono cha wachezaji kwa mashine ya MRI. Bamba la hapo likikutwa limefunga kabisa, kijana huhesabiwa kuwa amepita umri, hata kama cheti chake cha kuzaliwa kinasema vingine.

Kenya ina ushahidi wa zamani zaidi ya huo. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kupatikana kwa karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wanasayansi walijuaje kwamba alikuwa bado mtoto, ilhali alikaribia urefu wa mita 1.6? Pamoja na meno yake, walitazama ncha za mifupa: nyingi hazikuwa zimeunganika na shina la mfupa. Mabamba yake yalikuwa yangali wazi alipokufa.

Amri zinazopita kati ya seli

Tuingie sasa ndani ya bamba lenyewe. Seli zake zimejipanga kwa safu, na kila seli hupitia maisha ya hatua nne. Kwanza hutulia, ikiwa akiba, upande ulio karibu na kiungo. Kisha hugawanyika tena na tena, na seli zinazozaliwa hujipanga moja juu ya nyingine. Halafu huacha kugawanyika na kuanza kuvimba, hadi ujazo wake unakuwa mara kumi ya ule wa awali. Uvimbe huo, kuliko hata kugawanyika, ndio unaosukuma mfupa urefuke. Mwishowe seli huita mishipa ya damu na nyingi kati yake hufa. Damu inakuja na seli za kujenga mfupa, nazo zinatandaza madini pale palipokuwa na gegedu.

Kazi hii inahitaji ratiba kali. Seli zikivimba mapema mno, akiba inakwisha na mtoto anabaki mfupi. Zikichelewa, gegedu linarundikana na mfupa haujengwi. Na hakuna msimamizi mmoja anayeziambia nini cha kufanya. Ratiba inatoka kwenye protini ambazo seli zenyewe hutoa.

Protini ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa kuunganisha vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Watu wengi tunaijua protini kwa maharagwe na mayai, lakini mwili hutengeneza maelfu ya protini zake, kila moja kwa kufuata maelekezo ya jeni, yaani sehemu ya urithi tunaoupata kwa baba na mama. Baadhi ya protini hujenga. Nyingine hupeleka habari: seli moja huitoa nje, inasafiri kidogo, halafu inashikwa na protini nyingine iliyo juu ya seli jirani. Hii inayoshika huitwa kipokezi. Kikishashika, kipokezi huamsha mabadiliko ndani ya seli, na seli ikafanya jambo ambalo isingelifanya.

Hata uamuzi wa kuwa gegedu hutokana na protini. Inaitwa SOX9, na yenyewe haisafiri: hufanya kazi ndani ya seli, ikiwasha jeni za kutengeneza gegedu. Jeni yake ikiharibika, mtoto huzaliwa na mifupa iliyopinda sana na kifua chembamba, na wengi hawaishi muda mrefu.

Mazungumzo yanayonivutia kuliko yote yalifahamika mwaka 1996, na yanahusu protini mbili. Ya kwanza ina jina la ajabu, Kalunguyeye wa India, na wanasayansi huiandika IHH. Jina la ukoo wake lilitokana na nzi wadogo wa matunda waliochunguzwa na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus huko Ujerumani. Mwaka 1980 walieleza kwamba funza wa nzi hao, wakikosa jeni fulani, hujaa vinyweleo vya kusimama mwili mzima, kama kalunguyeye. Wote wawili walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1995. Wanyama wenye uti wa mgongo walipokutwa na jeni za ukoo huo, kila moja ikapewa jina la kalunguyeye wa aina yake.

Protini ya pili inafanana kwa sehemu na homoni ya paratiroidi, ambayo hutolewa na tezi nne ndogo za shingoni. Kwa ufanano huo inaandikwa PTHrP.

Mambo huenda hivi. Seli zilizo karibu na ncha ya mfupa hutoa PTHrP. Inapozifikia seli zilizo kwenye safu, inaziambia: endeleeni kugawanyika, msivimbe bado. Lakini kadiri safu inavyorefuka, seli za mwisho zinasogea mbali na chanzo, na PTHrP haizifikii tena ya kutosha. Hizo ndizo zinazoanza kukomaa. Sasa angalia kinachofuata. Seli hizo zinapoanza kukomaa hutoa IHH, na IHH inarudi kuelekea kwenye ncha ikiwa na agizo moja: ongezeni PTHrP. Kwa hiyo seli zikikomaa kwa wingi kupita kiasi, IHH inakuwa nyingi, PTHrP inaongezeka, na ukomavu unapungua. Zikikomaa chache, IHH inapungua, PTHrP nayo inapungua, na nyingine zinaruhusiwa kuvimba. Bamba linadumu na unene wake mwaka baada ya mwaka bila kupimwa na yeyote.

Tunajua mfumo huu unatuhusu sisi binadamu kwa sababu ya magonjwa mawili adimu sana. Katika moja, lililoelezwa kwa upande wa jeni mwaka 1995, kipokezi cha PTHrP hubaki kimewaka daima, hata pasipo ujumbe. Seli hukawia kukomaa, na mtoto hukua na miguu mifupi iliyopinda. Katika la pili kipokezi hakifanyi kazi kabisa. Seli zote hukomaa kwa haraka, mifupa inakuwa migumu kabla ya wakati, na mtoto hafiki mbali baada ya kuzaliwa, au hufia tumboni.

*Kwa ufupi:* mfupa hurefuka kwenye bamba la gegedu lililo karibu na ncha zake. Seli za bamba hugawanyika, huvimba, kisha huupisha mfupa. PTHrP huchelewesha kuvimba, na IHH huagiza PTHrP zaidi.

Herufi moja

Kuna protini nyingine ambayo nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu inawahusu watu tunaokutana nao barabarani Ruiru na ambao wamesemwa vibaya kwa vizazi. Inaitwa FGFR3. Ni kipokezi kilicho juu ya seli za bamba la ukuaji, na kazi yake ni kuzipunguzia kasi: inaposhika ujumbe wake, seli hugawanyika polepole na kuvimba kidogo. Mwili unahitaji kizuizi hiki, la sivyo mifupa ingerefuka kupita kiasi.

FGFR3 ina asidi amino 806. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba karibu watu wote wenye aina ya kimo kifupi inayojulikana zaidi, iitwayo akondroplasia, wana badiliko katika asidi amino moja tu, ile ya 380. Herufi moja ya jeni imeandikwa tofauti, na kipokezi kinabaki kinazuia hata pasipo sababu. Hali hii huwapata takriban mtoto mmoja kati ya watoto 25,000 wanaozaliwa duniani.

Fahamu hili na umbo lote linajieleza. Mikono na miguu ni mifupi kwa kuwa inategemea sana mabamba ya ukuaji. Kiwiliwili hakipungui sana. Paji la uso linaonekana pana kwa sababu mifupa ya juu ya fuvu haipitii hatua ya gegedu, inajengwa moja kwa moja, na FGFR3 haiwezi kuizuia kwa njia hiyo. Akili iko sawasawa na ya mtu mwingine yeyote.

Katika watoto wanne kati ya watano wenye hali hii, wazazi wote wawili ni wa kimo cha kawaida. Badiliko limetokea upya, kwa kawaida katika mbegu ya baba, na uwezekano wake huongezeka kidogo umri wa baba unapopanda. Mama hakula kitu kibaya. Hakumcheka mtu njiani akiwa mjamzito. Baba hana sababu ya kutilia shaka ndoa yake, na nyumba zimevunjika kwa shaka hiyo. Hakuna laana wala deni la ukoo. Kenya ina chama cha watu wenye kimo kifupi, Short Stature Society of Kenya, ambacho kwa miaka kimekuwa kikidai jambo rahisi: waheshimiwe kama watu wengine.

Kuifahamu protini kumeleta hata dawa. Mwaka 2021 Ulaya na Marekani ziliidhinisha vosoritaidi, sindano ya kila siku inayoamsha njia nyingine ndani ya seli ili kupunguza nguvu ya FGFR3. Katika majaribio iliwaongezea watoto takriban sentimita moja na nusu kwa mwaka juu ya ukuaji wao wa kawaida. Bei yake iko mbali mno na mfuko wa mzazi wa Mwiki, na baadhi ya watu wenye akondroplasia wanauliza kwa nini wao ndio wabadilishwe, badala ya kubadilishwa ngazi za matatu na madirisha ya benki. Naona wana haki ya kuuliza.

Kiungo: gegedu lisilogeuka kuwa mfupa

Goti na nyonga hutoka wapi? Mwanzoni gegedu la mguu ni moja, bila mkato. Kisha, mahali maalumu, seli hujikusanya na kuanza kutoa protini iitwayo GDF5, ya ukoo mkubwa wa protini za kuchochea mfupa na gegedu. Ukoo huo ulianza kujulikana mwaka 1965, wakati daktari Marshall Urist wa Marekani alipopandikiza mfupa uliotolewa madini ndani ya misuli ya wanyama na kukuta mfupa mpya umeota humo. Pale GDF5 inapotolewa, gegedu haliendelei kuwa mfupa. Linagawanyika, nafasi inafunguka, na kiungo kinazaliwa. Gegedu la pande mbili za nafasi hiyo hubaki gegedu maisha yote, laini na lenye utelezi.

Protini peke yake hazitoshi. Mtoto anayerusha mateke tumboni anajitengenezea viungo, maana kusogea ndiko kunakoifungua ile nafasi na kuipa umbo. Mtoto asiyesogea tumboni, kwa ugonjwa wa misuli au wa neva, huzaliwa na viungo vilivyokakamaa.

Hapa ndipo kitambaa cha mgongoni kinapotakaswa na lawama. Mtoto anapozaliwa, tundu la nyonga ambamo kichwa cha mfupa wa paja hukaa bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, na linaendelea kufinyangwa. Miguu ikikaa imetanuka na kukunjwa, kama inavyokaa mtoto akibebwa mgongoni, kile kichwa hukandamiza katikati ya tundu na gegedu lake hukua likikizunguka vizuri. Mahali ambako watoto hufungwa miguu ikiwa imenyooka na kubanwa pamoja, nyonga zinazoteguka ni nyingi. Afrika, ambako watoto wengi hubebwa mgongoni, tatizo hilo ni nadra, na madaktari wa mifupa wa Malawi wamelithibitisha katika kumbukumbu za hospitali yao. Basi ile leso ya usiku ya kunyoosha miguu, ambayo nyanya anaishauri kwa mapenzi, iwekwe kando. Nepi nene nayo haina kosa.

Jua la Ikweta, na bado matege

Sasa tuje kwenye matege ya ugonjwa, ambayo hospitalini huitwa riketsi. Mwiki iko karibu na Ikweta na jua linawaka mwaka mzima. Ugonjwa unaotokana na ukosefu wa jua unatafuta nini hapa?

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na miale fulani ya jua. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo, kwa hiyo kumkalisha mtoto kwenye mwanga wa dirishani hakusaidii. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, huwa na vitamini D kidogo, hasa kama mama mwenyewe anayo kidogo. Mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 490,000 mwaka 2019, na wengi wanaishi kwenye ghorofa zilizobanana. Mama anarudi kazini, mtoto anaachwa na yaya kwenye chumba cha ghorofa ya tatu, na kwa hofu ya baridi anavalishwa kofia, soksi na sweta mbili. Jua lipo juu ya paa. Kwa mtoto halifiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wa mtaa mmoja wa mabanda wa Nairobi ulikuta riketsi, na ukaonyesha kuwa upungufu wa vitamini D ndio chanzo.

Kuna njia ya pili. Huko Nigeria, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta watoto wenye riketsi ambao jua walikuwa nalo la kutosha. Walichokosa ni kalisiamu, kwa kuwa waliachishwa ziwa na kulishwa nafaka tupu. Mahindi yana kalisiamu kidogo sana, na yana kemikali ya fiteti inayoishika hata hiyo kidogo isifyonzwe.

Kutoka hapo njia zote mbili zinaingia kwenye bamba la ukuaji. Kalisiamu inapopungua damuni, zile tezi nne za shingoni hutoa homoni ya paratiroidi kwa wingi. Homoni hiyo huitafuta kalisiamu mifupani, na papo hapo huagiza mafigo yamwage fosfeti kwenye mkojo. Fosfeti ni madini ya pili ya mfupa, na ina kazi nyingine isiyojulikana na wengi: ndiyo inayozipa seli zilizovimba amri ya kufa. Fosfeti ikipungua, seli zilizovimba hazifi. Zinarundikana, bamba linanenepa, linakuwa laini na kupoteza mpangilio wa safu, na uzito wa mtoto unalipinda. Vifundo vya mikono vinavimba kwa sababu hiyohiyo, na mbavuni hujitokeza vinundu vilivyojipanga pande mbili za kifua.

Tiba ya riketsi ya aina hizi ni ya kutia moyo kuliko magonjwa mengi ya mifupa: vitamini D na kalisiamu kwa vipimo vya daktari, na katika miezi michache seli zinarudi kwenye ratiba. Miguu ya mtoto mdogo mara nyingi hunyooka yenyewe, kwa sababu bamba bado liko kazini. Kinga yake inapatikana Mwiki. Mtoto atolewe nje asubuhi, mikono na miguu wazi. Akifikia umri wa kula, apewe uji wa wimbi, maana wimbi lina kalisiamu nyingi kuliko nafaka nyingine zetu, na ukichachushwa fiteti hupungua. Omena husagwa na kuliwa na mifupa yake. Maziwa hayako mbali, kwani Ruiru yenyewe ndiko yaliko makao ya kampuni ya maziwa ya Brookside.

Neno moja kuhusu maji, kwa kuwa ploti nyingi hutegemea visima vya kuchimbwa. Baadhi ya visima katika Bonde la Ufa na maeneo yanayoizunguka Nairobi vina floridi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Inapozidi sana kwa miaka, floridi hudhuru meno, kisha mifupa na viungo. Kuchemsha maji hakuiondoi. Mwenye ploti aulizwe kama kisima kimepimwa.

Lini utulie, lini uende hospitali

Watoto karibu wote huzaliwa na miguu iliyopinda kwa nje, kutokana na walivyokunjwa tumboni. Hunyooka wakiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kisha hupita upande wa pili: wakiwa na miaka mitatu au minne magoti hugusana. Wakifika miaka saba hivi, wengi wamepata umbo la utu uzima. Mama wa benchini, mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu mchangamfu, anayekula na kutembea, miguu ikiwa imepinda sawasawa pande zote mbili, kwa kawaida anaweza kurudi nyumbani na amani. Mtoto apelekwe kwa daktari iwapo:

- matege yanaongezeka baada ya miaka miwili;
- mguu mmoja umepinda zaidi ya mwingine;
- vifundo vya mikono vimevimba, au mtoto amechelewa kutembea;
- ni mfupi kuliko wenzake, au analalamika maumivu.

Dalili ya pili isipuuzwe. Kuna ugonjwa uitwao Blount, kwa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1937, ambao hushambulia upande wa ndani wa bamba la muundi. Upande huo ukielemewa unadumaa, wa nje unaendelea kukua, na mguu unapinda zaidi kila mwezi. Huonekana zaidi kwa watoto wazito na waliotembea mapema sana. Kwa hiyo jirani aliyesema mtoto alisimamishwa mapema ana chembe ya ukweli, ingawa wengi wanaotembea mapema hawapati lolote.

Kwa matege yasiyonyooka kwa dawa kuna upasuaji, na Kenya inao. Hospitali ya watoto ya AIC-CURE iliyoko Kijabe, upande wa pili wa Kaunti ya Kiambu, imekuwa ikitibu ulemavu wa mifupa tangu mwaka 1998. Njia mojawapo inayotumiwa na wapasuaji wa mifupa ya watoto ni ya upole kuliko kukata mfupa. Daktari hufunga kibati kidogo cha chuma chenye skrubu mbili kwenye upande mmoja wa bamba la ukuaji, ule unaokua kupita mwenzake. Upande huo unazuiwa kwa muda. Wa pili unaendelea, seli zake zikigawanyika na kuvimba kwa ratiba ileile ya IHH na PTHrP, na mguu unanyooka taratibu katika mwaka mmoja au miwili. Miguu ikishanyooka, kibati hutolewa. Njia hii inahitaji bamba lililo wazi. Msichana akishapita miaka kumi na minne hivi, na mvulana kumi na sita, muda uliobaki ni mfupi mno, na kinachobaki ni kukata mfupa na kuupanga upya.